Karatasi Itoke Nzima

Jumanne, 6 Oktoba 1998

Mvua ya kwanza ya vuli imepiga leo mchana, ikakata. Karakana nzima inanukia vumbi lililolowa. Nimetengeneza koroboi nne na kuziba ndoo ya jirani. Hakuna aliyeulizia tranka. Siku hizi mtu akitaka tranka anaenda kununua begi la plastiki kutoka Dubai.

Kuandika hivi nilianza nilipokuwa idara ya bati kwenye shirika la umma. Msimamizi alitaka kila fundi aandike kazi ya siku. Shirika likauzwa, tukapunguzwa, lakini mkono umebaki na tabia yake. Mke wangu Paskazia husema naandika kama karani wa mochari.

Jioni amerudi kutoka kiwandani amekunja uso. Huko wanakata minofu ya sangara ya kupeleka Ulaya. Mteja mmoja amekuta kipande cha karatasi kimegandia ndani ya mnofu, amerudisha mzigo mzima. Ni ile karatasi ya kufutia mikono. Kila mwanamke kabla ya kwenda mezani ananawa maji ya dawa mlangoni, kisha anavuta karatasi kwenye sanduku la plastiki lililotundikwa ukutani. Karatasi inachanika, vipande vinanasa kwenye mikono ya koti na aproni, mwisho vinadondoka kwenye samaki. Meneja amewakusanya akawaambia kwamba kuanzia leo atakayeonekana anachana karatasi ajue njia ya getini.

"Siyo sisi tunaochana," Paskazia akasema. "Ni lile sanduku linalong'ang'ania."

"Sanduku ni plastiki tu, Mama Ng'washi. Halina ugomvi na mtu."

"Basi njoo uvute wewe."

Huu mwaka wa pili yeye ndiye anayeleta unga nyumbani, na karo ya mtoto wetu Ng'washi bwenini inatoka kwake. Mtu wa namna hiyo hajibiwi haraka.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mvua. Umeme umekatika mtaa wetu wote wa Mirongo. Nilitegemea watu waje kununua koroboi, wamenunua mishumaa.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimepata mgeni nisiyemtarajia. Binti mmoja Mjaluo wa upande wa Mara, kavaa koti jeupe, ameshuka kwenye gari ya kiwanda. Anaitwa Achola, ndiye msimamizi wa usafi. Paskazia na wenzake humwita Madam.

"Shikamoo, mzee."

Nina miaka arobaini na sita. Nimeitikia marahaba shingo upande.

Ameweka juu ya meza yangu lile sanduku la plastiki na mabunda kadhaa ya karatasi. Karatasi zenyewe zimekunjwa kwa kuingiliana, ukivuta moja inaiburuta ya pili mpaka kwenye mdomo wa sanduku. "Paskazia ameniambia hakuna kitu cha bati kinachokushinda," akasema. Nilishangaa. Mimi sijawahi kuambiwa hivyo.

"Shida yenu hasa ni nini?"

"Nataka mtu mwenye mkono uliolowa avute, karatasi itoke moja, na itoke nzima. Kipande kisibaki kwenye sanduku wala mkononi mwake."

"Kwa nini msitundike taulo tu?"

"Taulo moja watu wote hao, mzee? Mwanzoni mwa mwaka huu tulifungiwa soko kwa hofu ya kipindupindu, unakumbuka watu walivyolala njaa. Mwezi wa kumi na mbili wakaguzi wanakuja. Tengeneza moja kwanza, tulijaribu."

Anaongea kama mtu anayesoma ubaoni, hatazami uso wa mtu. Nimemwona mtoto mwenye majivuno. Lakini kazi ni kazi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimelichunguza sanduku la plastiki siku tatu. Mdomo wake ni mpana kama wa kambale. Ukivuta moja zinatoka tatu, mtu anataka kuzirudisha, zinachanika. Dawa yake naijua: mdomo uwe mwembamba, ukingo uwe mkali kidogo, uizuie inayofuata isitoke mpaka iitwe.

Nimemchorea Paskazia. Ameangalia mchoro, akasema, "Sisi hatuvuti kwa ncha za vidole hivi. Tunapeleka mkono wote."

"Mtajifunza."

Akanyamaza. Nadhani ameelewa.

Jumatatu, 19 Oktoba

Sanduku limekwisha, na tangu nitoke shirika sijatengeneza kitu kizuri namna hii. Kwa kawaida kila ukingo wa bati naukunja, hata wa koroboi. Safari hii ukingo wa mdomo nimeuacha bila kukunja, kwa sababu nikiukunja unanenepa na mdomo hautanyooka. Nimepitisha tupa tu. Nimevuta karatasi moja baada ya nyingine, zimetoka kama karata mkononi mwa mchezaji.

Paskazia alipofika kutoka kazini naye akavuta moja. Ikatoka safi. Hakufurahi.

"Umejaribu kwa mkono mkavu," akasema.

"Maji ni maji tu."

Jumatano, 21 Oktoba

Sanduku limetundikwa. Madam amemwambia Paskazia kuwa siku imepita vizuri. Nimepita mtaani leo kichwa juu.

Ijumaa, 23 Oktoba

Paskazia amerudi saa saba mchana, wakati zamu yake huisha jioni. Nilikuwa bado karakana. Alisimama mlangoni na mvua inampiga mgongoni, hakuingia.

"Dorotea amejikata kidole," akasema.

Dorotea ni rafiki yake tangu walipoanza kazi wote. Wanakata samaki meza moja. Anakaa Butimba na watoto wake na mama yake mgonjwa. Mume alikwenda machimboni Geita na hajasikika tena. Yeye huniita shemeji.

"Kwa kisu?" nikauliza.

"Kwa sanduku lako."

Nilishika nyundo bila kujua naishikia nini. Akanieleza pale pale mlangoni. Asubuhi bunda lilikuwa limejazwa mpaka juu. Dorotea alinawa, akavuta, karatasi ikachanikia mdomoni. Kipande kikabaki ndani. Kila mtu anaogopa kuonekana ameacha kipande, maana meneja amekwisha sema. Kwa hiyo akaingiza kidole kukichokoa. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa maji na barafu, hakusikia anapokatwa. Alikwenda mezani, akashika mnofu, ndipo jirani yake akapiga kelele. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye ubao, kwenye trei, kwenye aproni yake. Wakasimamisha meza nzima. Samaki wote wa asubuhi wakamwagiwa dawa ya buluu ili wasiliwe, wakatupwa. Dorotea akapelekwa kushonwa. Daktari kasema mshipa wa kunyooshea kidole umeguswa, huenda kikapona na huenda kikabaki kimepinda. Meneja akasema akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Wote wanajua maana ya kuitwa kwa namna hiyo.

"Na sanduku?" nikauliza. Naandika swali hili kwa aibu, lakini ndilo nililouliza.

"Limeng'olewa," akasema. "Liko stoo. Nenda kalichukue ukalale nalo."

Akaondoka kwenye mvua.

Nimekaa na tupa mkononi. Mwalimu wangu wa ufundi alikuwa akitupiga viganja kwa rula tukiacha ukingo bila kukunja. Bati likiachwa wazi ni kisu, alisema, na kisu hakichagui mkono wa kukata. Nilijua jambo hilo kabla sijaoa. Niliuacha ukingo ule kwa sababu nilitaka mstari unyooke, upendeze.

Nyumbani chakula kilikuwa kimefunikwa mezani. Paskazia amekwisha lala, au amejifanya.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimekwenda Butimba nikiwa na mfuko wa sukari. Dorotea alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa bandeji nene, kauinua juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

"Karibu, shemeji."

Nikaeleza. Nilizunguka sana, nikataja bati, nikataja haraka, nikataja mdomo mwembamba. Mwishoni nikasema nisamehe, nikausukuma mfuko kwake.

"Sukari sitaki," akasema. "Nataka kidole."

Mama yake akasema kutoka ndani, "Dorotea, mgeni huyo."

"Namjua, mama. Ndiye aliyenikata." Kisha akanigeukia. "Paskazia alikuambia tunavuta kwa mkono mzima. Nilikuwepo siku aliposema atakuambia. Hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi uliona anaongea nini?"

Nimerudi kwa miguu na sukari yangu, mvua ikanikuta njiani.

Jumapili, 25 Oktoba

Mvua kutwa. Paskazia amekwenda kanisani peke yake.

Alhamisi, 29 Oktoba

Gari ya kiwanda imesimama tena mbele ya karakana. Nikajua nimefuatwa kwa ajili ya hasara ya samaki. Madam Achola ameshuka na lile sanduku langu limefungwa kwenye gazeti. Safari hii aliketi juu ya tranka lisilonunuliwa bila kukaribishwa, kama mtu aliyechoka.

"Mzee, sanduku hili nililipokea mimi. Nikatia sahihi kwamba linafaa. Sikupitisha hata kidole changu kwenye ukingo. Nimemwambia meneja hivyo."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amenipa barua ya onyo." Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, bado hatazami uso. Nikagundua kwamba anapoongea hutazama mikono ya mtu. Alikuwa anatazama yangu. "Sasa wanataka kuagiza mengine ya plastiki kutoka Dar. Yatakuwa yale yale. Yatachana, na wanawake watafukuzwa mmoja mmoja mpaka waishe. Nina nafasi mpaka wakaguzi waje. Utajaribu tena?"

"Dorotea je?"

"Sijui, mzee. Nimeomba asiondolewe kwenye orodha. Sijajibiwa."

Nikamwambia nitajaribu. Alipokuwa anaondoka nikamwita nikamwambia asiniite mzee, aniite Elias. "Siwezi," akasema. "Baba yangu ni mdogo kwako."

Jumatatu, 2 Novemba

Nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi uliopita. Jioni, mvua ilipokata, nimeweka beseni la maji uani, nikatundika sanduku la plastiki ukutani, nikamwambia Paskazia, "Nionyeshe."

Alidhani namtania. Kisha akaona sitanii. Akaenda kwa jirani mwenye friji akarudi na barafu, akaitia kwenye beseni.

"Weka mikono," akaniambia.

"Mimi?"

"Wewe. Usitoe mpaka nikuambie."

Nimekaa na mikono ndani ya maji yale mpaka viwiko vikaniuma, na baada ya maumivu vidole vikawa kama vya mtu mwingine. "Sasa vuta," akasema. Nikavuta. Sikuweza kujua nimeshika karatasi au nimeshika hewa. Nikabana kwa nguvu, kona ikabaki mkononi mwangu, karatasi ikabaki ndani. Nikachukua nyingine, ikawa vile vile. Nikajikuta nataka kuingiza kidole kuchokoa.

Paskazia hakucheka. Akanawa yeye, akaonyesha. Anapeleka kiganja chote, anakusanya, anashusha kama anayekamua ng'ombe. Nikaona kwamba ikiwepo karatasi ya kutosha nje ya mdomo, mkono huo unaitoa nzima. Ikining'inia ncha tu, haiwezekani.

Kisha akasema neno ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi. "Asubuhi linachana sana. Jioni halichani."

"Kwa nini?"

"Fundi ni wewe. Mimi najua hivyo tu, linachana likijaa."

Nikafungua sanduku, nikatoa bunda, nikaacha karatasi chache. Zikatoka kwa urahisi. Nikajaza tena, zikachanika. Kumbe bunda lote limekalia karatasi ya chini. Unamvuta mtu aliyebebeshwa gunia mgongoni. Ukingo niliounoa kuizuia karatasi isitoke ulikuwa unaiongezea mzigo.

Nilimshika mikono nimshukuru, nikaiona. Ngozi ya vidole imekuwa nyeupe na imechanika kwenye maungio kwa ajili ya dawa. Miaka miwili nimekula ugali uliosongwa na mikono hii.

"Inauma?"

"Ikipoa, haiumi. Ikipata moto ndiyo inauma," akasema. Akamwaga maji ya beseni.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimetengeneza sanduku la majaribio, nikalilaza kwa mgongo, liegemee ukutani kwa mshazari, ili uzito wa bunda ubebwe na bati la nyuma. Nimelilaza kupita kiasi: karatasi zote zikateremka na kumwagika chini kama dagaa kwenye kapu lililotoboka. Paskazia amecheka kwa mara ya kwanza tangu ajali ya kile kidole.

Jumanne, 10 Novemba

Mshazari umepungua, bado zinachanika. Mvua.

Jumamosi, 14 Novemba

Mto Mirongo umefurika. Maji meusi yameingia karakana mpaka magotini, na kila taka ya mjini imepita humo. Nimeokoa mkasi wa bati, nyundo na mavyuma ya kulehemu. Mabunda mawili ya karatasi yalikuwa juu ya rafu, hayakuguswa na maji, lakini unyevu wa siku zote hizi umeyaingia. Paskazia alikuja kunisaidia kukumba tope, akafungua sanduku la majaribio, akashindwa kutoa karatasi hata moja. Zilikuwa zimevimba, zikajaza sanduku mpaka kwenye kona.

"Hata kiwandani ni hivi," akasema. "Mlangoni pale kuna mvuke wa maji kutwa. Na mwenye kujaza anasukumiza kwa ngumi, asirudi kujaza tena mapema."

Tulikuwa tumesimama kwenye tope, ndoo mkononi. Nikamwambia arudie maneno hayo polepole. Akarudia.

Jumatano, 18 Novemba

Nimelipata, au niseme tumelipata. Yako mambo matatu.

Ndani nimeweka nyaya mbili nene, moja kila upande, bunda linakaa juu yake kama mtoto juu ya magoti. Karatasi ya chini imeachwa huru katikati, haibebi mwenzake. Mshazari ni mdogo tu, wa kuegemea.

Mdomo ni mpana katikati kuliko pembeni, umbo la yai lililolala, kiganja kinaingia chini yake bila kugusa kitu, na karatasi inaning'inia nje upana wa mkono. Juu yake nimetoa kikingio kama cha paa, matone yasiidondokee.

Na sanduku ni fupi. Nimefunga bati la juu, mwenye kujaza hawezi kushindilia hata akitaka. Hubaki nafasi ya karatasi kuvimba.

Ukingo wa mdomo nimeukunja mara mbili, nikaupigia juu ya fimbo ya chuma mpaka ukawa mviringo. Umenenepa, na haukunyooka.

Jumapili, 22 Novemba

Baada ya ibada Paskazia amekuja na Dorotea karakana. Sikuthubutu kumwita mimi. Bandeji imetoka. Kidole kimepona, lakini hakinyooki, kimejikunja kama ndoana. Anakitumia kama mtu anayetumia chombo cha kuazima.

Nilikuwa nimetayarisha beseni na barafu. Hakuvitazama. Alilitazama sanduku, akasema, "Pitisha wewe kwanza."

"Mkono?"

"Pale uliponikata mimi."

Nikapitisha kidole kwenye mdomo wote. Akatikisa kichwa. "Vidole vyako vina sugu, havikatiki. Pitisha hapa." Akanigusa kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, pale mishipa inapoonekana.

Nikapitisha. Nikabonyeza, nikazungusha mara ya pili, upande huu na huu. Paskazia aligeuza uso. Haikubaki hata alama.

Ndipo Dorotea akakunja mikono ya gauni lake la kanisani, akanawa kwenye barafu mpaka akaridhika, akavuta. Ikatoka. Akavuta tena kwa kiganja cha pili, kwa hasira, akavuta kwa pembeni, akavuta kama mtu mwenye haraka, kama mtu asiyejali. Alilimaliza bunda lote, karatasi zikajaa miguuni kwake, na nyingi zilitoka nzima. Mbili tu zilichanika. Akaziokota, akanipa.

"Hizi zimechanikia kulia," akasema. "Waya wako wa kulia uko juu."

Nikapima. Kweli, ulikuwa juu.

"Umefanya vizuri," Paskazia akanambia walipokuwa wanaondoka. Dorotea hakusema.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimemsikia meneja kwa masikio yangu, nilipokwenda getini kupeleka sanduku. Dirisha la ofisi yake liko karibu na geti. Alikuwa anasema linachukua karatasi chache, litajazwa mara nyingi, na sura yake ni ya kienyeji. Achola akajibu, "Linajazwa mara nyingi, ndiyo. Lile la plastiki tulilijaza mara moja tukarudishiwa mzigo mzima kutoka Ulaya." Kisha akaongeza, "Likishindwa niandikie barua ya pili. Ya tatu usiiandike, nitaondoka mwenyewe."

Binti huyo nilimwita mtoto mwenye majivuno. Imeandikwa hapo juu na siifuti.

Jumanne, 1 Desemba

Masanduku mawili yametundikwa. Sijaruhusiwa kuingia. Kila jioni namsubiri Paskazia kwenye kona kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. "Leo?" "Leo salama."

Alhamisi, 3 Desemba

Salama.

Ijumaa, 4 Desemba

Salama. Mvua kubwa, paa linavuja juu ya kitanda.

Alhamisi, 10 Desemba

Wakaguzi wamekuja. Paskazia amenisimulia huku anavua mabuti, hakungoja akae.

Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa makoti meupe na kofia za wavu. Mlangoni, kila mfanyakazi moyo ulikuwa mkononi. Achola amesimama kando, anatazama mikono ya mwanamume yule. Mwanamume akanawa mpaka kwenye viwiko, kama wanavyonawa wao. Akapeleka mkono kwenye sanduku bila kulitazama, akavuta, akafuta, akatupa, akaingia ndani huku anamwuliza meneja habari za barafu.

"Basi?"

"Basi."

"Hakusema kitu?"

"Hakuliona, Baba Ng'washi! Macho yake yalikuwa kwenye mfereji wa maji machafu. Mfereji wameuandikia ukurasa mzima. Sanduku hakuliona kabisa!" Akaanza kucheka, nikacheka naye, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi hivi kwa sababu kazi yake haikuonekana.

Jumatano, 16 Desemba

Kiwanda kimeagiza masanduku mengine kwa milango yote. Nimenunua bati zito. Dorotea ameitwa, ila siyo kwenye kisu. Kidole chake hakiwezi kushika kisu tena, na mezani analipwa mtu kwa kukata. Achola amempatia kazi ya mlangoni, kusimamia kunawa na kujaza karatasi. Ujira ni mdogo kuliko wa zamani. Paskazia anasema Dorotea ameikubali bila kusema asante kwa mtu, na mimi naona ana haki.

Jumamosi, 19 Desemba

Leo nimeingia kiwandani kwa mara ya kwanza, kutundika yaliyobaki. Mvua imekatika tangu juzi na kutoka getini ziwa lilikuwa linametameta, jeupe, huwezi kulitazama. Ndani ni baridi kama kaburini. Nimemwona Paskazia kwa mbali, amesimama kwenye mstari wa wanawake wenye kofia, kisu kinakwenda na kurudi, mnofu unatoka mzima kwa pigo moja. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi. Nilisimama na ngazi begani mpaka mtu akaniambia nipishe.

Nilipomaliza mlango wa mwisho nilitaka kupita kwenda kumsalimu. Dorotea akanizuia kwa mkono. Alikuwa amevaa aproni ya buluu ya wasimamizi.

"Hapiti mtu hajanawa, shemeji."

Nikanawa. Maji yalikuwa ya kuuma mifupa, na dawa ikanipanda puani. Alinihesabia mwenyewe mpaka akaridhika, akanielekeza nirudie kati ya vidole, nikarudia.

"Vuta. Moja tu, usipoteze."

Nilipeleka kiganja chote, sikusikia nimeshika nini. Karatasi ikatoka nzima. Nikafuta mkono mmoja, nikafuta wa pili, polepole, yeye anatazama. Nilingoja aseme neno.

Hakusema, wala hakucheka. Lakini nilipomaliza na kusimama na ile karatasi iliyolowa, sijui niiweke wapi, alilisogeza pipa la taka kwa mguu mpaka likanifikia.